Uvimbe wa Taya: Acheni Kulaumiana!

Hebu fikiria, msomaji, wewe ni mama wa Murangi, kule Musoma vijijini. Mwanao wa miaka sita ameamka shavu limevimba. Jirani anasema ni jino. Wiki ya pili meno yanalegea, jicho linaanza kutokeza. Ukweni nako chokochoko zinaanza: “Kwetu hakuna ugonjwa huu, umeuleta wewe na damu ya kwenu.” Na baba mtoto? Kimyaaa, kaenda zake ziwani kuvua.

Dada, hukuuleta wewe. Wala shemeji hakuuleta.

Uvimbe huo unaweza kuwa saratani iitwayo Burkitt, jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyeanza kuwaona watoto wa namna hiyo hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari, maelfu ya kilomita hadi kusini mwa Afrika, wakiulizia hospitali baada ya hospitali. Wakaona ugonjwa haukai penye baridi wala pakavu. Unakaa panapokaa malaria. Mwaka 1964 kina Epstein huko London wakakuta kirusi ndani ya uvimbe, kirusi ambacho karibu watoto wetu wote hukipata wakiwa wadogo, wengi bila hata kuumwa.

Sasa twende ndani ya seli, hapo ndipo patamu. Kila mtu ana kromosomu 46: 23 za mama, 23 za baba. Malaria ikimpiga mtoto mara kwa mara, chembe za kinga huzaliana mbio mbio, na katika kazi yao huwa zinakata na kuunga vinasaba vyao zenyewe. Siku moja zinaunga vibaya: kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia kwenye ya 14. Kinasaba kiitwacho MYC, kinachoamuru seli kugawanyika, kinaangukia mahali ambapo swichi haizimwi. Kirusi nacho kinaizuia seli isife. Basi uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili! Hitilafu hiyo hutokea mwilini mwa mtoto baada ya kuzaliwa. Haikuwemo kwenye yai wala mbegu. Ukoo unaingiaje hapo?

Kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake, maana dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukinywea kwa dawa tu, na watoto wengi wanaowahi hupona. Kwa hiyo shemeji, nyavu zisubiri. Pandeni basi wote wawili na mtoto mpaka Bugando, Mwanza. Nauli mkachangishane ukweni, na wale wenye maneno mengi watangulie kutoa.