Je, Wajua? Kuipanda Ndege, Kwanza Uipe Dar Kisogo

Msafiri wa Rujewa, wilayani Mbarali, anayetaka kuruka kutoka Songwe kwenda Dar es Salaam huanza kwa kuelekea magharibi, zaidi ya kilomita 100, huku Dar ikibaki mashariki!

Songwe, uwanja uliofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa mjini Mbeya, uko takriban kilomita 690 za angani kutoka Dar. Barabara, inayopita kona za mlima Kitonga na mbuga ya Mikumi, huzidi kilomita 800.

Ndege ya jeti yenye mwendo wa kilomita 800 kwa saa ingemaliza safari kabla ya saa moja kutimia. Lakini kupaa, kushuka na kujipanga kutua hufanyika kwa mwendo mdogo, hivyo safari hurefuka.