Mwali wa Redio Ndani ya Wodi

Picha ya ini la mgonjwa wa kichocho kutoka Ukerewe, inayoonekana kwenye mashine ya altrasaundi, hupatikana kwa kanuni ambayo sasa imeingia katika simu za mkononi. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo kina vipande vingi vidogo vinavyotoa mawimbi ya sauti. Vipande hivyo vikicheleweshwa kwa mpangilio maalumu, mawimbi yake huungana upande mmoja na kuwa mwali unaoelekezwa bila mkono kusogea.

Simu zinazotumia mawimbi ya milimita hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Katika masafa ya gigahezi 28, urefu wa wimbi ni milimita 11 hivi. Kwa hiyo antena nne hutosha ndani ya sentimita mbili tu. Huduma ya kizazi cha tano iliyoanza Tanzania mwaka 2022 imeegemea masafa ya chini zaidi, lakini hospitali za Kanda ya Ziwa hazina budi kuielewa teknolojia hii mapema, kwa kuwa hubeba picha nzito kwa kasi kubwa.

Udhaifu wake ni kuzibwa kwa urahisi. Ukuta wa matofali huzuia sehemu kubwa ya mawimbi hayo, na mtu akisimama katikati ya njia, nguvu inayofika huweza kupungua mara mia au zaidi. Hata kiganja kinachoshika simu huziba antena. Ndiyo maana simu huwekewa antena pande kadhaa, na mwali hutafuta njia nyingine, pengine kwa kuakisiwa na dari au kabati la chuma. Basi wodi inayopimwa ikiwa tupu hutoa majibu ya kupotosha. Ipimwe saa ya kuwaona wagonjwa, ndugu wakiwa wamezunguka vitanda, na mitambo iwekwe juu, zaidi ya upande mmoja.

Wagonjwa huuliza kama mwali huo hufika tumboni. Tofauti na altrasaundi, mawimbi haya huishia kwenye ngozi, takriban ndani ya milimita moja, na athari yake inayojulikana ni joto. Viwango vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2020 vimewekwa ili joto hilo lisifikie kiasi cha kudhuru. Mwili unaoyazuia mawimbi njiani ndio huo huo unaoyazuia yasifike ndani yake.