Mtoto Aliyezishika Nyimbo za Siti

Asimamaye Kivukoni, katika mji wa Dar es Salaam, huona vyombo vya namna mbili. Kivuko huvusha watu mpaka Kigamboni na kurudi. Na si mbali na hapo, meli za Unguja hung'oa nanga. Siku hizi safari ya Unguja ni ya saa mbili hivi. Zamani za majahazi abiria walingojea upepo, wakavuka pamoja na nazi na mikeka. Nyimbo nazo zilivuka kwa njia hiyo hiyo, wala hazikutozwa ushuru.

Nyimbo zilizopendwa kupita zote zilikuwa za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Alichukua vyungu kichwani akaenda kuviuza huku akinadi, na sauti hiyo ya kunadi ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Bara Hindi, pamoja na wenziwe, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Afrika Mashariki aliyefanya hivyo. Santuri ya siku hizo haikuhitaji umeme: ilitiwa ufunguo kama saa, sindano ikapita katika mifereji myembamba ya sahani, na kila upande uliimba dakika tatu hivi tu. Jirani mmoja akiwa nayo, wengi walisikia.

Katika watoto wa Unguja waliompenda Siti alikuwamo binti wa muuza nazi, Fatuma binti Baraka, ambaye watu walimwita Kidude. Mwaka aliozaliwa haujulikani. Mwenyewe husimuliwa kuwa alisema tu kwamba ni zama za rupia. Hakuwa na daftari la kuandikia nyimbo. Alimsikiliza Siti, akazishika kwa masikio. Wengine walioziimba waliziacha jikoni pamoja na sufuria. Huyu alizifanya kazi ya maisha yake.

Katika miaka ya 1930 Kidude alikuwa Dar es Salaam. Mtaa wa Kariakoo ulikuwa umekwisha kupata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Taarabu ilipendwa sana mjini, na wapigaji wake walifuata mtindo wa Misri, kwa udi na fidla. Kidude aliimba miaka mingi na kundi la Kimisri, kisha katika miaka ya 1940 akarudi Unguja, akakaa katika nyumba ndogo ya udongo.

Je, alikuwa kivuli cha Siti tu? Sivyo. Siti aliimba taarabu. Kidude aliipenda taarabu, lakini pia alikuwa fundi wa ngoma ya unyago, ambayo wasichana hufundishwa nayo mambo ya utu uzima. Sauti yake ilikuwa nzito yenye mikwaruzo, nayo haikufanana na ya mwalimu wake. Alichochukua kwa Siti kilikuwa kikubwa kuliko sauti, nacho ni ujasiri wa kuimba mambo yaliyotokea. Wimbo wa Siti uitwao "Kijiti" wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Watu waliuimba, maana hukumu ile iliwachoma.

Siti alifariki mwaka 1950. Kidude aliendelea kuuimba "Kijiti" hata alipokuwa bibi kizee, akautia katika sahani zake mwenyewe. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, mbele ya watu wa mataifa mengi. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kwa hiyo wale waliouawa na kufungwa bila haki katika wimbo ule walikumbukwa hata ng'ambo ya bahari, na wengi waliousikia hawakujua neno moja la Kiswahili.