Watoto Wetu Bungeni
Huko Goma na Bukavu wanafunzi wamekuwa na Bunge la Watoto. Huketi, huomba ruhusa ya kusema, hujadiliana, kisha hupiga kura. Wengine watasema ni mchezo tu. Sisi hatukubali. Binti aliyezoea kusimama mbele ya watu aweza kumwambia mjomba wake, kwa adabu, kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumchumbia na kumwoza aliye chini ya miaka 18. Na mjomba akiwa amekwisha kula mahari? Hapo ndipo penye ugumu. Sheria haijui kurudisha mbuzi.

Katiba ya mwaka 2006 humpa kijana kura akitimiza miaka 18, lakini kiti cha Bunge la Taifa humngoja mpaka 25. Hapa Kisangani tuanze mapema: darasa moja, Jumamosi moja na kengele ya mwalimu zatosha.