Hatimiliki Sandukuni, Deni Mgongoni

Tuseme mzee wa boma amefariki na kuwaachia watoto nyumba mtaani. Hatimiliki imo sandukuni, salama salimini. Jamaa wanakwenda kubadilisha jina, na hapo ndipo wanapoambiwa: leteni cheti cha kaunti kuonyesha kwamba reti zimelipwa. Kumbe kuna deni la miaka kumi, na riba juu yake!

Reti ni kodi ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaziruhusu kaunti kuwatoza wenye ardhi na nyumba. Usiichanganye na renti, ambayo mtu aliyekodishiwa ardhi na serikali huilipa serikali ya kitaifa. Wengi hulipa moja wakadhani wamemaliza zote mbili.

Huko Nairobi, reti hukadiriwa kwa thamani ya ardhi, si ya nyumba iliyojengwa juu yake. Kwa miaka mingi jiji lilitumia daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Daftari jipya lilipoanza kutumika mwaka wa 2023, kiwango kiliwekwa kuwa asilimia 0.115. Hivyo ploti ya thamani ya shilingi milioni tano ilitozwa shilingi 5,750 kwa mwaka.

Ukilipa kila mwaka, mzigo huo unabebeka. Hatari iko katika kungoja. Riba huongezeka kila mwezi, na kaunti yaweza kukupeleka kortini. Tena deni hushikamana na ardhi: mwenyewe akifa, halizikwi naye.

Ufanye nini basi? Chukua nambari ya ploti yako, uulize katika ofisi ya ardhi ya kaunti au kwenye mtandao wake unadaiwa kiasi gani. Lipa kwa njia rasmi pekee, usimpe pesa mtu anayekungoja mlangoni, na uhifadhi risiti. Ukilemewa, omba kulipa kidogo kidogo, au utege sikio: kaunti nyingine hutangaza msamaha wa riba. Nawe unayenunua nyumba, dai cheti cha reti kabla ya kutoa senti yako.

Mwanafunzi, jioni ya leo waulize wazazi wako kwa adabu: risiti za reti ziko wapi? Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni heri dawa hiyo inywewe mzee angali hai, kuliko kuwaachia mayatima uchungu wake.