Igizo limekwisha, nafasi imebaki wapi?

Asubuhi ya Vitshumbi haifanani na asubuhi ya mahali pengine. Marabu, wale ndege warefu wenye vipara, hutembea katikati ya watu kana kwamba nao wamekuja kununua samaki. Kiboko aliyekula majani usiku karibu na nyumba anarudi majini polepole, na watoto wanampisha njia. Mitumbwi inaingia kutoka ziwani, na akina mama wanasubiri na beseni zao. Rafiki zetu wa huko hupenda kuhadithiana asubuhi zao za ajabu: nani alifungua mlango akakuta kiboko uani, nani aligeuza shingo mara moja tu na marabu akaondoka na tilapia yake.

Siku moja tulipokuwa tumekaa nao hivyo, kijana mmoja mvuvi alileta hadithi ya namna nyingine. "Wakubwa zangu," alisema, "tangu juzi mimi siitwi tena kwa jina langu. Nikipita ufukweni wananiita Gardi. Jana jioni mwenye mtumbwi alinikatalia kupanda. Alisema hawezi kwenda kuvua na mtu wa hifadhi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameigiza nafasi ya mlinzi wa hifadhi katika mchezo tuliouandaa sisi. Aliigiza vizuri mno. Tulipiga makofi, tukakunja mikeka, tukaenda zetu. Kijana akabaki na nafasi ile, na ikamkosesha ujira wa usiku mzima.

Katika makala haya tunaeleza tulichojifunza kutokana na kosa letu. Tunatumaini litawafaa wote wanaotumia maigizo katika kazi ya amani.

Kwa nini tunaigiza?

Njia hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1970 Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, alianzisha mchezo ambao mtazamaji haketi tu. Wachezaji wanaonyesha ugomvi mpaka unapofika pabaya. Kisha mchezo unarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!", akaingia mahali pa mchezaji mmoja na kujaribu njia nyingine. Katika miaka ya 2000 shirika la Search for Common Ground lilitumia michezo ya aina hii katika mashariki ya Kongo, mahali ambapo watu wengi walikuwa wamechoka kuhubiriwa amani.

Faida yake ni kwamba mtu anavaa viatu vya mwenzake. Mvuvi anakuwa mlinzi wa hifadhi. Muuza samaki anakuwa askari wa majini. Mara nyingi mtu hugundua jambo ambalo hotuba kumi zisingemfundisha.

Ugomvi wa Vitshumbi

Vitshumbi iko kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Goma. Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Upande wa Kongo, ni vijiji vitatu tu vilivyoruhusiwa kuvua kisheria: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Idadi ya mitumbwi ina kikomo. Nyavu za matundu madogo zimekatazwa, na pia kuvua kwenye mazalio ya samaki. Kulima ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Kwa hiyo asiyepata samaki hana shamba la kukimbilia.

Vita vya miaka mingi vimeleta watu wengi ziwani, na mitumbwi isiyo na kibali pamoja nao. Viboko nao waliuawa kwa wingi. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa katika makumi ya maelfu. Miaka thelathini baadaye walikuwa wamebaki mamia tu. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji na kulisha viumbe vidogo ambavyo samaki hula, kwa hiyo kiboko akipungua, wavu nao unaumia. Isitoshe, mpaka wa Uganda unapita katikati ya maji, na mvuvi anayeuvuka anaweza kukamatwa. Mwezi wa saba mwaka 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizi mbili walipigana ziwani, na watu wakafa.

Tunayasema haya ili msomaji aelewe. Neno "Gardi" kwa mvuvi wa Vitshumbi si utani mtupu. Linabeba nyavu zilizochomwa, faini, ndugu waliokamatwa. Kwa walinzi nao kuna kumbukumbu za wenzao wengi waliouawa kazini. Nafasi nzito namna hii haivuliki kwa makofi.

Nafasi inavyong'ang'ania

Wengi wamesikia jaribio lililofanywa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wanafunzi waligawanywa, wengine wakawa walinzi wa jela na wengine wafungwa. Lilipangwa kuchukua wiki mbili, lakini lilisimamishwa baada ya siku sita kwa sababu ya ukali wa walinzi. Kwa muda mrefu watu walisema kwamba nafasi peke yake ndiyo iliyowabadilisha vijana wale. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba walinzi walikuwa wameelekezwa na waandaaji wawe wakali. Kwetu sisi wawezeshaji, funzo ni kwamba maneno tunayomwambia mchezaji kabla ya mchezo yana uzito, na mzigo wa yanayofuata ni wetu pia.

Katika kijiji hatari ni mbili. Mchezaji mwenyewe anaweza kubaki na hasira au huzuni ya mtu aliyemwigiza. Na majirani wanaweza kumwona kama mtu yule, hata kama yeye amekwisha kumsahau. Hatari hii ya pili ndiyo iliyompata kijana wetu.

Mambo ya kufanya kati ya kikao na kikao

Tangu siku ile tunafuata mambo haya:

• *Jina la mchezo lisiwe jina la mtu wa kijijini.* Tunachagua majina pamoja, na tunahakikisha hakuna jirani anayeitwa hivyo.

• *Kila nafasi iwe na kitu chake.* Kofia, kitambaa au fimbo. Mchezo ukiisha, mchezaji anavua kitu hicho mbele ya watu wote na kusema: "Mimi si mlinzi. Mimi ni fulani, mtoto wa fulani, kazi yangu ni hii." Watazamaji wanamjibu kwa jina lake la kweli. Vitu vyote vinakaa kwetu. Hakuna anayerudi nyumbani na kofia.

• *Nafasi zizunguke.* Mtu asiigize nafasi inayochukiwa mara mbili mfululizo.

• *Tuwe na daftari.* Tunaandika mchezo umefika wapi, nani alikuwa nani, na swali gani limebaki. Hatuandiki siri ambayo mtu ameitoa akiwa ndani ya nafasi. Daftari likipotea, lisimdhuru yeyote.

• *Ugomvi wa mchezo usiendelee njiani.* Tunakubaliana kwamba jambo lililoachwa katikati litangoja kikao kijacho. Mwenye kushindwa kungoja aje kwa mwezeshaji, asiende kwa mchezaji mwenzake.

• *Tutembelee wachezaji.* Siku ya pili au ya tatu mmoja wetu anapita kuwasalimu. Hatuulizi, "Mchezo ulikuwaje?" Tunauliza, "Umeamkaje? Watu wamekupokeaje?" Habari nyingi za kweli hutoka hapo, asubuhi, kwenye kikombe cha chai.

Kijana yule

Hatukungoja kikao kijacho. Siku ileile tulikwenda kwa mwenye mtumbwi pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa na wavuvi. Tulimwambia kwamba sisi ndio tuliompa kijana nafasi ile, na kwamba kama kuna lawama, ije kwetu. Alisikiliza. Hakusema ndiyo siku hiyo.

Katika kikao kilichofuata tulianza kwa kuwavua wachezaji wote nafasi zao za awali, jambo tulilopaswa kulifanya mapema. Kisha tukauliza nani atavaa kofia ya mlinzi. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele za "Gardi!", aliichukua. Alipomaliza alisema: "Nilidhani nitafurahi kuwafukuza. Lakini niliposimama pale peke yangu, nyote mnanitazama, niliogopa." Hapo ndipo watu walinyamaza kweli.

Kijana alirudi kwenye mtumbwi baadaye. Hatuwezi kusema yote yalikwisha. Wako bado waliomwita kwa jina lile. Lakini walio wengi walijua sasa kwamba kofia ile inaweza kukaa kichwani mwa yeyote.

Kuna wakati wa kutoigiza

Mwezi wa tatu mwaka 2024 waasi wa M23 waliingia Vitshumbi, na watu wengi wakakimbia. Wakati wenye silaha wako jirani, kuigiza askari au mwasi kunaweza kumgharimu mtu uhai. Wakati kama huo tunaacha mchezo kabisa, au tunatumia hadithi za wanyama na za mahali pa mbali. Amani haijengwi kwa kumtanguliza jirani mahali ambapo sisi wenyewe tusingethubutu kusimama.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Katika kijiji chenu, ni nafasi gani ambayo mtu akiiigiza atapata taabu kesho yake asubuhi? Kwa nini?

2. Nani atapita kumsalimu mchezaji baada ya kikao? Je, ana muda, na anaaminika?

3. Kama mchezaji atadhurika kwa sababu ya igizo lenu, mtasema nini mbele ya majirani zake?