Sebule za Buganda na dada wa kazi wa Njiro

Mwanzoni mwa 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala akiwa hana kazi. Aliyekuwa na kazi ni mumewe, Leonard, katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Mke alikuwa na miaka 40, shahada ya uzamivu ya saikolojia aliyoipata Toronto 1939, na cheo cha meja alichokipata katika jeshi la wanawake la Kanada wakati wa vita. Maabara hakuwa nayo. Akaamua kwenda majumbani mwa watu.

Alipata familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, zenye watoto 28 waliokuwa bado wananyonya. Kila baada ya wiki mbili alizitembelea pamoja na mkalimani wake, Katie Kibuka, wakakaa kama saa mbili. Walikwenda alasiri, wakati ambao mama wa Kiganda hukaa sebuleni na wageni wake, na walifanya hivyo kwa miezi hadi tisa. Mama akizungumza, mtoto anatambaa, Ainsworth anaandika: nani akimbeba ananyamaza, mama akitoka nje anamfuata au anabaki, anamchekea nani akimwona mlangoni. Mtoto huteleza kutoka mapajani, anakwenda mpaka kwenye kiatu cha mgeni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha anaendelea na safari yake. Jambo hilo analijua kila mzazi, lakini mpaka wakati huo ni wanasayansi wachache tu waliokuwa wameketi kulifuatilia mwezi hadi mwezi katika nyumba za watu.

Alikotoka, wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa. Ainsworth mwenyewe alikuwa ametoka London, alikofanya kazi na daktari John Bowlby aliyeanza kuipinga imani hiyo. Mwaka 1951 Bowlby alichapisha ripoti aliyoandikia Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto walioachwa bila makao na vita. Sisi wa huku Meru, mkoani Arusha, tuna sababu yetu ya kuikumbuka miaka hiyo: kuanzia 1942 Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, kwenye kilele chake watu wapatao 5,000, wakiwamo watoto yatima wengi. Mwaka 1949 kundi la yatima hao, kama 150, lilihamishiwa Kanada pamoja na padri wao. Makaburi ya waliobaki yapo Tengeru hadi leo.

Kuhusu maziwa na mapenzi ya mtoto, sebule za Buganda zilimpa Ainsworth jibu ambalo London haikuwa imempa. Watoto 16 kati ya 28 aliwaona wana mfungamano salama na mama zao, 7 walikuwa na wasiwasi na kulia sana, na 5 walikuwa hawajafungamana na mtu. Wingi wa maziwa haukueleza tofauti hiyo. Iliyoieleza vizuri zaidi ni jinsi mama alivyomjua mtoto wake. Waliojibu maswali kwa undani, wakitaja vitu vidogovidogo ambavyo mtoto anavipenda na kuvikataa, ndio waliokuwa na watoto watulivu. Naona hicho ndicho kipimo bora alichotuachia, na hakihitaji mashine.

Baadaye alihamia Baltimore, Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wanaume wenye sifa kama zake, na walimu wanawake walitengewa chumba chao cha kulia. Huko, kuanzia 1963, alirudia utafiti kwa familia 26 nyingine. Akakutana na tatizo: watoto wa Baltimore walishazoea kuona mama akitoka na kurudi nyumbani, kwa hiyo hawakushtuka kama wale wa Buganda. Ndipo akabuni jaribio lililompa jina. Mtoto wa mwaka mmoja huwekwa katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, anaingia mtu asiyemjua, mama anatoka kwa dakika chache kisha anarudi. Wengi hudhani kinachopimwa ni kilio. Ainsworth alitazama zaidi mama anaporudi: mtoto anamkimbilia na kutulia, anamng'ang'ania huku akimpiga, au anajifanya hakumwona. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967, kile cha jaribio 1978. Alifariki 1999.

Wapo wanaomkosoa, hasa kwamba chumba chenye mama mmoja na mtoto mmoja kinafanana na Marekani kuliko na boma la Kimeru, ambako mtoto hupita mikononi mwa bibi, shangazi na dada zake kabla jua halijazama. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tusisahau kwamba katika vijiji vya Buganda yeye mwenyewe aliwaona watoto wakifungamana pia na watu wengine zaidi ya mama. Mtoto anaweza kuwa na watu wake watatu au wanne. Kinachomuumiza ni wakibadilishwabadilishwa.

Hapo ndipo Arusha inapoingia. Tuna vituo vingi vya kulelea watoto, na vijana wengi kutoka ng'ambo wanaokuja kujitolea kwa wiki chache kabla ya safari ya Serengeti. Wanakuja kwa moyo mzuri. Mtoto wa miaka miwili anayemkumbatia kila mgeni anayeshuka kwenye gari huonekana mchangamfu. Mimi huwa ananitia wasiwasi. Wageni hao wangepaka rangi, wangefundisha wakubwa hesabu, na kazi ya kubeba wadogo wakaachiwa walezi wa kudumu.

Na katika mitaa yetu ya Njiro, Sakina, Kijenge, kuna dada wa kazi. Anakwenda kwao Krismasi, harudi, Januari analetwa mwingine, na mtoto anayeamka usiku akilia anaambiwa anadeka. Ikiwezekana, dada mpya aje kabla wa zamani hajaondoka, wakae na mtoto wote wawili japo wiki, na anayeondoka aage mchana mtoto akiona. Siku akija kusalimia, mtoto akamgeuzia mgongo, asione kwamba amesahauliwa. James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi na Bowlby, aliwaona watoto waliolazwa hospitali za Uingereza wakiwafanyia hivyohivyo mama zao wa kuwazaa.